Cheti cha Mpishi

Kwa miezi mitatu ya mwaka 2019, kila nilipotoka jikoni na trei nilipita chini ya bango lililobandikwa juu ya mlango wa ukumbini. Lilikuwa na maneno matatu: Atitudi. Ari. Heshima. Nilikuwa nafanya atachimenti katika hoteli moja hapa Nakuru ambayo sitaitaja, na siku ya kwanza tuliambiwa kwamba kubeba sahani mtu yeyote anaweza kufunzwa. Hayo matatu, eti, hayafunzwi. Unakuja nayo kutoka kwenu.

Sasa si unajua mtaani tunavyolitumia hilo neno la kwanza. Bosi akisema anatafuta mtu mwenye atitudi, anamsifu. Jirani akisema "huyo dem ana atitudi", umekwisha.

Wiki ya tano, mteja mmoja wa meza ya dirishani alinipigia mluzi, ule wa kuita mbwa. Nilienda, nikachukua oda, nikaleta chakula kikiwa moto. Sikutabasamu tu. Jioni supavaiza akanionyesha simu yake: nyota moja kati ya tano, na jina langu, lililosomwa kwenye beji kifuani, limeandikwa bila kukosea herufi. Msichana ana atitudi. Niliambiwa niombe msamaha kwenye grupu ya WhatsApp ya wafanyakazi, nikaomba.

Wikendi hiyo nilienda kwa shosho, Bahati. Nilitaka kulia kidogo halafu nipewe chakula. Shosho alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akatoa sanduku la bati chini ya kitanda. "Guka wako pia aliandikwa," akasema. Ndani kulikuwa na kikasha kidogo cha chuma chenye tundu la kupitisha kamba, na karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikaanza kuachana. Barua ya Kiingereza ya mwaka 1951, kutoka kwa memsahib mmoja wa upande wa Rongai, ambaye guka alimpikia kwa miaka kumi na moja. Shosho hasomi Kiingereza. Alikuwa ameihifadhi hiyo barua tangu akiwa bibi arusi na hakuna mtu aliyewahi kumsomea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya kazi hii yetu, na kila mara narudi kwa swali moja dogo: ni nani aliyekuwa akiandika, na ni nani aliyekuwa akiandikwa?

Anza na neno lenyewe, cheti. Lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, na Waingereza nao walilichukua hukohuko wakalifanya chit. Kwa masetla wa Kenya, chit ilikuwa barua fupi ambayo mwajiri alimwandikia mtumishi anapoondoka: huyu ni msafi, huyu anaiba sukari, huyu anajua kuoka. Dobi na yaya ni maneno yaliyopitia safari hiyohiyo. Boi ndilo lililokuja moja kwa moja kutoka Uingereza, na likapata makao kwenye kamusi zetu kama mtumishi wa nyumbani. Mtu angeweza kuwa na mvi na wajukuu, na bado akaitwa boi.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 palitangazwa kuwa mji, na mwaka huohuo mkataba na Waingereza uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa ili masetla wapate mashamba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe. Na aproni.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Lord Delamere, aliyeanza ufugaji Njoro na baadaye akawa na Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Ukisafiri kwenda Nairobi huwa unasimama kununua yogati yenye jina lake. Norfolk Hotel ilipofunguliwa Nairobi, Krismasi ya mwaka 1904, ikawa ndiyo kituo cha masetla wanapotoka mashambani, na kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni kwamba meneja alipojaribu kufunga baa usiku mmoja, Delamere na wenzake walimfungia kwenye stoo ya nyama. Kinasimuliwa kama kichekesho. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Halafu nikajiuliza ni nani aliyefagia vioo asubuhi, na angefanywa nini kama ni yeye aliyemfungia mtu.

Jibu la swali hilo lilikuwa kwenye sheria. Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya mabwana na watumishi, ikaiboresha (kwa faida ya mabwana) mwaka 1910. Kuacha kazi bila ruhusa halikuwa suala la kukatwa mshahara tu. Lilikuwa kosa la jinai, na ungeweza kufungwa. Kumtolea mwajiri lugha ya matusi au kumwonyesha dharau pia kuliwekwa kwenye orodha ya makosa. Soma tena hapo. Kile kitu ambacho mteja wangu alikiandikia nyota moja, guka angekipelekewa polisi.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ni ya mwaka 1915, lakini kwa sababu ya vita ilianza kutumika baada ya vita kwisha. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba karatasi yenye jina lake, la baba yake, wilaya yake, alama za vidole na orodha ya waajiri: nani alimwajiri, lini, kwa mshahara gani. Karatasi ilikaa ndani ya kikasha cha chuma shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele inayofungwa shingoni mwa mbuzi.

Ujanja wa kipande ulikuwa kwenye sahihi. Ukitaka kuacha kazi, mwajiri lazima aandike kwamba amekuachilia. Asipoandika, mwajiri anayefuata akikuchukua anachukua mtoro. Na mshahara wako wa zamani ukiwa pale umeandikwa, utaomba nyongeza ukitumia mdomo gani? Kuipoteza karatasi ilikuwa taabu. Kuichana ilikuwa kesi.

Kwa wapishi na maboi haikutosha. Mwaka 1926 ikapitishwa sheria nyingine ya kuwaandikisha watumishi wa nyumbani, kila mmoja na kijitabu chake, ambacho masetla walikiita kitabu chekundu. Humo mwajiri alitoa maoni kuhusu tabia. Fikiria CV ambayo huruhusiwi kuiandika wewe, na usipokuwa nayo hupati kazi ya ndani.

Lugha nayo ilishonwa kwa kipimo hichohicho. Mwaka 1928 wanawake wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walichapisha kitabu cha mapishi cha masetla, chenye sehemu ya Kiswahili ili mama wa nyumba aweze kumwelekeza mpishi. Miaka ya 1930 kikaja kitabu cha F. H. Le Breton cha Kiswahili cha bara, kilichowalenga wanajeshi, masetla, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Ndicho Kiswahili kilichokuja kuitwa kisetla. Kilikuwa lugha ya kuamuru: lete, toa, osha, upesi. Mswahili wa Mombasa angepiga hodi kwanza, akaulizia habari za nyumbani, za watoto, halafu ndiyo aseme kilichomleta. Huku kwetu hodi ilikatwa, na mimi huwa nafikiri (ni maoni yangu tu) kwamba hatujaipata tena vizuri. Sikiliza watu wanavyoagiza chai Nakuru. "Wewe, leta chai." Hayo si maneno yaliyozaliwa Lamu.

Lakini nikikomea hapo nitakuwa nimemdhulumu guka, maana nitakuwa nimemwacha kama mtu aliyeandikwa tu. Shosho anasema alipenda mkate.

Jiko la setla lilikuwa la chuma, la kuni, mara nyingi aina ya Dover, na halikuwa na kipima joto cha kuaminika. Guka alifungua mlango wa oveni, akaingiza mkono wazi na kuhesabu. Akivumilia mpaka kumi, ni joto la keki. Akitoa mkono kwenye sita, ni la mkate. Kuni mbichi zilimkasirisha kuliko matusi. Hakujua kusoma, kwa hiyo memsahib alimsomea kitabu mara moja, akakishika kichwani: mkate, skonsi, pudini ya maziwa, na sosi ambayo shosho hulitamka jina lake kwa namna ambayo sijaweza kuitambua hadi leo. Alipoona kipimo cha kitabu hakifai kwa unga wa ngano ya Rongai, alikibadilisha kimyakimya. Memsahib alidhani ni kitabu kinachofanya kazi.

Hiyo ndiyo ari, kama ni lazima tutumie neno la bango. Hakuna aliyemlipa zaidi kwa sababu yake. Ilikuwa mali yake pale ndani, pengine ndiyo pekee, na hakuna mstari wa kitabu chekundu uliotengenezwa kuipima.

Kama unataka kuona nyumba iliyojengwa ili kuhudumiwa, nenda Ngata, barabara ya Njoro, ukaitazame kasri ya Lord Egerton. Ujenzi ulianza mwaka 1938, vita vikausimamisha, ukaisha mwaka 1954. Vyumba 52 vya mtu mmoja asiye na mke, ambaye hakutaka mwanamke yeyote akanyage pale. Alikufa mwaka 1958. Siku hizi watu wanafanyia harusi hapo, na Jumamosi bustani hujaa maharusi waliovalia nguo nyeupe na wapambe wao wakipiga picha. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba glasi kwenye harusi moja ya pale, na sitadanganya, nilifurahia kila hatua.

Upande wa walioandikwa haukukaa kimya. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa, na pamoja na makuli wa bandari na watu wa reli walikuwepo wa hotelini na watumishi wa majumbani. Mzungu alijipikia chai. Chege Kibachia, aliyeibuka kiongozi wao, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Baringo, kaskazini mwetu hapa. Huo mwaka 1947 ndio pia sheria mpya ya usajili wa watu wa rangi zote ilipopitishwa kuchukua nafasi ya kipande. Shosho anakumbuka guka alivyokivua kikasha shingoni na kukitia kwenye sanduku badala ya kukitupa. Hakueleza kwa nini.

Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Januari 24, 1953, familia ya Ruck iliuawa kwenye shamba lao Kinangop, mume, mke na mtoto wa miaka 6, na baadhi ya waliofanya kazi hapohapo walihusika. Kifo cha mtoto hakina utetezi na sikitafutii hapa. Ninachokiona ni mshtuko wa masetla uliofuata: watu wanaotuletea chai, tuliowajua miaka yote! Waliwajua vipi? Karatasi zote zile ziliandika kama mtu ni msafi na kama anaamka mapema. Hakuna iliyouliza anafikiria nini akiwa amesimama nyuma ya kiti chako na sahani ya supu. Wakikuyu wa mashamba ya Bonde la Ufa walianza kupigwa picha za kadi mpya, na maelfu wakaondolewa au wakaondoka. Guka na shosho walijikuta kwenye lori la kwenda Murang'a na mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na lile sanduku. Barua ya miaka kumi na moja haikusaidia kitu kwenye kizuizi cha barabarani.

Walirudi Nakuru baada ya uhuru. Guka akafungua hoteli Bondeni.

Kama wewe si wa Kenya, ngoja nikueleze: hoteli kwetu haihitaji kitanda. Ni meza nne, mabenchi, jiko, na ubao wenye bei. Miaka ya 1960 na 1970 miji ya bondeni ilijaa hoteli za namna hii, na nadhani si kwa bahati kwamba kwenye kabati la kioo, kando ya mandazi na chapati, ulikuta skonsi, hafukeki na keki ya kukata. Mapishi ya nyumba kubwa yalikuwa yametoka kwa mlango wa nyuma, yakiwa vichwani mwa watu wasiojua kusoma, na sasa yaliuzwa kwa senti kwa madereva wa lori na wanawake wa soko. Wateja walimwita guka "mzee". Yeye aliwaita kwa majina.

Serikali nayo ilikuwa na shida yake. Watalii walikuja, lakini mameneja na wapishi wakuu wa hoteli kubwa walikuwa wageni. Kwa msaada wa Uswisi ikajengwa Kenya Utalii College, Barabara ya Thika, Nairobi, ikafunguliwa mwaka 1975, na fedha za kuiendesha zikatoka kwenye tozo ya asilimia 2 iliyotozwa hoteli na mikahawa juu ya chakula, vinywaji na malazi. Yaani ilikatwa kwenye bili ya mgeni ili anayemhudumia asome. Ni mpango ambao haupati sifa ya kutosha, mimi nasema. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Nakuru angeweza kupata cheti kilichotiwa sahihi na mtu anayejua kuoka, aliyemtazama akioka, na kilichokuwa chake. Hakuna memsahib wa kukizuia. Neno lilikuwa lilelile la guka.

Tangu hapo kazi imepanda na kushuka pamoja na nchi. Machafuko ya baada ya uchaguzi yalipofika Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, vyumba vilibaki vitupu. Maziwa ya bonde yalipoanza kufura, hoteli za ufukweni Baringo ziliingiwa na maji. Machi 2020 korona ikafunga kila mlango, na wengi niliofanya nao kazi walirudishwa nyumbani bila mshahara. Nakuru ikapewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, na hoteli zinaendelea kuota kama uyoga. Ari haikupungua wala kuongezeka kwenye mambo yote hayo. Iliyobadilika ni kodi ya nyumba.

Kuna mahali huwa napenda kwenda nikichoka na mabango, Kikopey, pale Gilgil kwenye barabara kuu. Mchomaji anasimama kando ya lami na kukupungia mkono gari likiwa bado mbali. Unachagua mguu wa mbuzi wewe mwenyewe, mnabishana bei, anakuletea maji ya kunawa, anakatakata nyama mbele yako kwenye ubao huku akikuuliza timu yako ilicheza aje. Kama umemkosea adabu atakujibu, na meza ya jirani itamuunga mkono. Halafu atakuongezea mchuzi. Hakuna mtu anayemwambia atabasamu, na anatabasamu asilimia kubwa ya siku. Nimekaa pale nikijaribu kuelewa tofauti. Nadhani ni kwamba wote wawili wanaweza kuondoka.

Sisemi wateja wasiandike. Mimi pia husoma nyota kabla ya kuchagua mahali pa kula, na kuna siku chakula ni kibaya kweli. Lakini guka alipoandikwa, angalau aliondoka na karatasi mkononi. Yangu iko kwenye simu za watu nisiowajua, chini ya jina la hoteli ambayo nilishaondoka, na sina pa kujibu. Mwisho wa atachimenti supavaiza alijaza kitabu changu cha kazi. Mbele ya neno atitudi aliandika: wastani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema yeye mwenyewe angempiga yule mzee wa mluzi na trei, lakini ndiyo hivyo, kitabu kinapelekwa chuoni.

Ile wikendi ya Bahati, baada ya kula, shosho aliniomba nimsomee barua ya guka kwa Kiswahili, polepole. Ilikuwa mistari sita. Nikasoma kwamba ni mwaminifu, kwamba hanywi pombe, kwamba mkate wake ni mzuri kuliko wa dukani Nakuru. Kwenye mstari wa kwanza nilikuwa nimesita, nikasoma haraka: huyu ni boi mzuri sana.

"Rudia hapo," shosho akasema.

Nikarudia.

"Mwaka huo alikuwa na watoto wawili. Na huo mkate. Si wangeandika mpishi?"

Nikamwambia, shosho, hii barua ni ya zamani, iliandikwa hivyo.

"Najua imeandikwa," akasema. "Wewe si umesoma? Lete kalamu."